Mashauri ya Nyumbani: Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya uzazi, na zaidi twasema na akina baba, maana katika nyumba nyingi neno la mwisho ni lao.

Masika iliyopita tulikwenda kumpa pole baba mmoja katika kijiji kilicho mbali na mji wetu wa Babati. Mkewe alishikwa na uchungu usiku, naye mume alikuwa amekwenda mnadani kuuza ng'ombe, wala simu yake haikupatikana. Wazee wa nyumbani wakasema, "Na tumngoje mwenyewe, ndiye mwenye fedha." Kulipopambazuka mtoto alizaliwa salama, lakini damu ya mama haikukoma. Ndipo walipoanza kutafuta gari, na njia ilikuwa tope tupu. Mama akafa njiani. Tulipoketi na yule baba hakusema neno ila hili: "Mbuzi walikuwamo zizini. Wangalimpa mwenye gari hata watatu, nisingaliuliza."

Si kwamba watu wa nyumba ile hawakumpenda. Walimpenda sana, ila walingoja.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kuwa mama mzazi huangamizwa na kukawia kwa namna tatu: kukawia kuamua nyumbani, kukawia njiani, na kukawia kupata matibabu akiisha kufika.

Kukawia kule kwa tatu, wauguzi na waganga wamekwisha kupigana nako. Katika mkoa wetu huu wa Manyara, hospitali ya Haydom ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwazoeza wakunga mara kwa mara, kwa kutumia sanamu, jinsi ya kuzuia damu na jinsi ya kumpa pumzi mtoto asiyelia. Baadaye kazi hiyo ilifanywa katika hospitali 30 za mikoa 5, ndiyo Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2025: vifo vya akina mama katika hospitali hizo vilishuka toka kama 240 hata kama 60 kwa kila wazazi 100,000.

Kukawia kwa pili, kwa njiani, nako kumepata msaada. Toka mwaka 2022 Serikali imeueneza nchini mpango uitwao m-mama. Mtu hupiga simu namba 115, bila malipo. Pasipo na gari la wagonjwa karibu, huitwa dereva wa pale pale aliyeandikishwa, na ujira wake hulipwa na mpango wenyewe, si na mgonjwa. Watu wa nyumba ile hawakuijua namba hii. Ninyi iandikeni ukutani.

Lakini kukawia kwa kwanza ni kwetu wenyewe, wala hapana mganga awezaye kutuondolea. Damu inayomwagika sana baada ya kuzaa yaweza kumwua mama kwa muda wa saa mbili tu. Mnada hauishi kwa muda huo.

Basi yafaa mambo haya yakatwe shauri kabla mimba haijatimiza miezi minane: mama atajifungulia wapi, nani atamsindikiza, nani ataamua ikiwa baba hayupo, na fedha ya safari iwekwe mkononi mwa mama mwenyewe. Anayekaa mbali sana aulize zahanati kama hospitali iliyo karibu ina nyumba ya kungojea siku zake.

Tena kuna dalili zisizongojwa hata kidogo: damu kutoka wakati wa mimba, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, mtoto kuacha kucheza tumboni, au maji kutoka kabla ya uchungu. Mama akiona mojawapo, aende siku ile ile, hata ikiwa ni usiku.

Na bibi zetu wakunga tusiwadharau, maana ndio waliowapokea baba zetu duniani. Walakini hawana dawa ya kukomesha damu, wala hawana damu ya kumwongezea mama. Heshima yao ya leo ni kuwa wa kwanza kusema, "Twendeni," na kumshika mama mkono hata mlangoni pa hospitali.

Basi, baba, jioni ya leo kabla hujalala, mwambie mkeo mbele ya mama yako na wazee wa nyumba yako: "Nisipokuwapo, msiningoje." Maneno hayo ni mawili tu, wala hayagharimu hata senti moja.