Msanii gani apewe nchi? Tuulize kwanza mistari yake ilimgharimu nini



Wiki nzima kwenye magrupu yetu ya vijana mjadala ni mmoja tu: kama nchi ingekabidhiwa wasanii, nani awe Rais, nani Waziri Mkuu, nani ashike Fedha. Nimecheka sana, na mimi nikapanga baraza langu. Lakini orodha nyingi nilizosoma zimeninyima raha. Karibu wote mnapima kwa kitu kimoja: nani ana wafuasi wengi, nani anajaza uwanja.

Hicho ndicho kipimo cha chama tawala kila kampeni, jamani. Msanii anapanda jukwaani, watu wanafurika, anashuka, kisha mgombea anasimama na kusema, "mnauona umati huu?" Umati ulikuja kucheza! Na sisi tukianza kupima hivyo, tofauti yetu na wao itabaki rangi ya fulana.

Kipimo changu ni hiki: huyu msanii alisema nini wakati kusema kulikuwa na gharama? Na alipoletewa bili, aliilipa au alirudisha maneno?

Chukua Sugu. Kabla hajawa Mheshimiwa Joseph Mbilinyi alikuwa Mr. II, mmoja wa watu waliofanya rap ya Kiswahili ikubalike miaka ya 90, wakati wazee wengi waliiona ni uhuni. Alidai haki za wasanii hadharani akijua kuna milango itafungwa. Mwaka 2010 Mbeya Mjini wakampa ubunge, 2015 wakampa tena. Februari 2018 akahukumiwa kifungo cha miezi 5 kwa maneno aliyoyasema jukwaani juu ya Rais. Alitoka Mei, na hakutoka akiwa amehama chama. Wakati ule wenzake wangapi walikuwa "wanaunga mkono juhudi"? Mnawakumbuka.

Chukua Professor Jay. Kwenye "Ndiyo Mzee" alimchora mwanasiasa wa ahadi za uongo, anayeahidi maajabu huku watu wakiitikia tu. Miaka mingi baadaye, 2015, akaenda mwenyewe kuomba kura Mikumi, akashinda. Fikiria mzigo huo! Kila ahadi aliyotoa, mpiga kura alikuwa na wimbo wake mwenyewe wa kumsutia. Mimi kiongozi wa namna hiyo namtaka: aliyejifunga kwa maneno yake kabla hajaomba kitu.

Sasa msiseme naona wasanii wetu tu. Nenda Uganda. Bobi Wine aliingia Bungeni 2017 kwa uchaguzi mdogo wa Kyadondo Mashariki. Mwaka 2018 alikamatwa baada ya kampeni za Arua, akapigwa, akatoka akitembelea magongo. Uchaguzi wa 2021, kampeni zikiwa zimezungukwa na polisi na jeshi, matokeo rasmi yenyewe yalimpa karibu asilimia 35. Wale hawakuwa mashabiki wa muziki tu. Shabiki anakuja kwenye shoo kisha anakwenda kulala. Mtu wako anasimama na wewe hata mabomu ya machozi yakianza.

Lakini tusidanganyane, umaarufu unaweza pia kuzaa balaa. Jaguar wa Kenya alichaguliwa mbunge wa Starehe 2017. Mwaka 2019 alikamatwa baada ya kutishia wafanyabiashara wa kigeni jijini Nairobi, Watanzania wakiwemo. Msanii aliyepata kipaza sauti cha Bunge, akakielekeza kwa wachuuzi! Haiti nao walimchagua mwanamuziki Michel Martelly kuwa Rais mwaka 2011. Uchaguzi wa wabunge ukacheleweshwa mpaka Januari 2015 Bunge likaisha muda wake, akawa anaongoza kwa amri. Kwa hiyo jukwaa halimtakasi mtu.

Na upande wa chama tawala? Mwana FA ni mbunge wa Muheza tangu 2020, na 2023 aliteuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Kwenye uandishi wa mistari simgusi, ni fundi. Swali langu ni la kisiasa: ndani ya Bunge ambalo karibu wote ni wa chama kimoja, msanii atamwambia nani "hapana"?

Kumbukeni 2017. Machi ile Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo "Wapo", kisha Rais akasema aachiwe na wimbo upigwe. Watu wakashangilia. Mimi sikushangilia. Kama uhuru wako unategemea mtu mmoja ameamkaje siku hiyo, huo siyo uhuru, ni hisani. Mwezi uliofuata Roma na wenzake walichukuliwa studio Dar es Salaam na watu wasiojulikana, wakapatikana siku kadhaa baadaye. Hapo hisani ilikuwa wapi?

Basi baraza langu ni hili. Sugu Mambo ya Ndani, maana jela anaijua kwa ndani. Roma Katiba na Sheria. Professor Jay TAMISEMI, akabanane na ahadi za barabara na zahanati. Na kwa kuwa orodha zenu zimejaa wanaume watupu, Waziri Mkuu wangu ni Lady Jaydee, Komando mwenyewe. Ameongoza bendi yake ya Machozi, amegombana na wakubwa wa burudani bila kuomba msamaha, na bado yupo.

Mchezo ukiisha, kuna kazi. Siku si nyingi tutakuwa na kura za maoni, na kuna mtu ataleta jina la staa aliyejiunga juzi, "anauzika huyo." Kabla hamjapiga makofi, mtazameni yule dada wa kata aliyekuwa wakala 2020, aliyezungushwa juani siku nzima akitafuta barua ya utambulisho, na kesho yake akaja ofisini kuuliza kikao kijacho ni lini. Staa akishinda mchujo kwa haki dhidi ya dada huyo, karibu sana. Aulizwe maswali yale yale: umelipa nini? Unaweza kusoma ripoti ya CAG ukurasa kwa ukurasa? Chama kikikukata jina, utabaki?

Akijibu vizuri nitambebea spika begani. Akishindwa, tununue tiketi ya shoo yake, tucheze, na kura tumpe dada wa kata.

Nguvu ya umma!