MBABULA HAIJATOKA MLANGONI



Juzi darasani, tulipoongea juu ya makala na pori linalokwisha, wenzetu wengi walisema: "Watu wanakata miti kwa sababu hawajui." Mimi sikubali. Mama yangu anajua sana. Kwetu kuna resho ya umeme, tena nzuri, lakini mbabula haijatoka mlangoni hata siku moja. Nilipomuuliza, alinijibu: "Mutoto, resho iko muzuri, lakini bukari haiweze kungojea umeme."

Katika jibu hilo naona kwa nini mipango mingi ya umeme haidumu. Wakubwa wanahesabu mashine; mama anahesabu siku.

Tutazame Inga. Inga ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972, megawati 351. Ya pili mwaka 1982, megawati 1 424. Ukavutwa na waya wa kilometa karibu 1 700 mpaka Kolwezi, kwa ajili ya viwanda vya shaba vya Katanga yetu, wakati ule ikiitwa Shaba. Ilikuwa kazi kubwa, hatukatai. Lakini waya huo unapita juu ya vijiji vingi vinavyolala gizani. Tena si rahisi kuvigawia, kwa maana umeme wa namna ile unataka kwanza mashine kubwa, za bei kali, za kuugeuza. Kijiji hakikuwa ndani ya hesabu toka mwanzo.

Jambo la pili ni matunzo. Siku ya kufungua mashine kuna hotuba na picha. Siku ya kubadilisha kipande kilichochakaa, mpiga picha haonekani. Inga ina mashine 14. Kadhaa zilisimama kwa kukosa matunzo, na miaka ya 2000 ikabidi kutafuta feza mpya za kuzifufua. Sheria ya mwaka 2014 iliruhusu kampuni nyingine kuuza umeme. Ni vizuri, lakini sheria peke yake haitengenezi transfo iliyoungua mtaani.

Wengine watasema: basi, makala ikatazwe. Na jioni ile mama atapika na nini? Mtu hazimi moto wa zamani kabla ya kuuamini ule mpya.

Tusiseme Serikali tu. Hata hapa shuleni kuna mawazo ya kununua resho kubwa kwa jiko la internati. Mimi nakubali, kwa sharti moja: tujue kwanza nani atazitengeneza, na ni feza gani itawekwa kila trimestri kwa kazi hiyo. Kama jibu halipo, tuanze na mbabula zinazokula makala kidogo. Bila hivyo, mwaka kesho resho zitakuwa meza ya kuwekea sahani, na sisi tutarudia kubeba magunia.

Bwana Prefe, walimu wetu, na ninyi wanafunzi wenzangu, mnasema nini?

Mwanafunzi wa mwaka wa tano