Ukiuza kuku mkubwa mtandaoni, uza na maelezo yake

Hii ni kwa sisi tunaouza kuku wakubwa mtandaoni: matetea walioanza kutaga, majogoo wa mbegu, kuchi, chotara. Wa vifaranga mtanisamehe, zamu yenu itafika.

Msimamo wangu ni huu: kuku hai siyo kiatu cha mtumba. Mteja akishapokea tenga pale stendi, kazi yako haijaisha. Una wiki mbili mbele yako za kumfuatilia huyo kuku, na kama huziwezi, bora uuze mayai. Najua wengine mtanuna. Kurasa zetu nyingi zimeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi", na kwa sufuria hilo linafaa kabisa. Sufuria haigomi kula.

Sisi wa Chalinze tumebarikiwa njia panda. Basi la Dar linapita, la Morogoro na Dodoma linapita, la Tanga, Moshi na Arusha linapita. Unafunga tenga Bwilingu asubuhi, jioni kuku yuko Moshi. Ndiyo maana oda zinakuja. Lakini mfikirie huyo kuku mwenyewe. Amekaa kwenye joto la buti saa nane bila maji. Anashuka anakuta banda jipya, maji mapya, pumba ambayo hajawahi kuionja, na kuku wenyeji wanaomsubiri kwa midomo. Kifaranga huzoea haraka. Kuku mkubwa ana mazoea yake, kama mtu mzima aliyehamishwa nyumba. Siku ya pili hali vizuri. Siku ya tatu hatagi. Siku ya tano unapata ujumbe: "Kaka, umeniuzia kuku mgonjwa." Na ukiwa na bahati mbaya haji inboksi, anaandika kwenye maoni, hadharani, pale wateja wengine wote wanaposoma.

Kiukweli, mara nyingi huyo kuku haumwi. Ni mgeni tu, na hakuna aliyemwambia mteja jinsi mgeni anavyopokelewa.

Chukua mfano wa mbali kidogo. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanafuga mjusi wa Australia, yule mwenye miiba shingoni kama ndevu. (Mimi silali naye nyumba moja, ila tuendelee.) Wengi wanampata akiwa mkubwa tayari, kutoka kwa mtu aliyeshindwa kumtunza. Anayemtoa kwa ustaarabu anatoa na maelezo: alipokuwa mdogo alikula wadudu zaidi, sasa ni mkubwa, majani yawe mengi kuliko wadudu. Awe na kona ya joto la nyuzi kama 40 na kona ya kupoa. Awekewe taa maalumu yenye miale kama ya jua, la sivyo mifupa yake italegea. Parachichi marufuku. Na siku za mwanzo akigoma kula, usimshikeshike, mwache azoee. Mjusi huyo! Kuku wetu anayetaga anasafiri na namba ya basi tu.

Kabla hujaja inboksi kuniuliza: hapana, usiuze mijusi wala vinyonga wa porini. Yule mjusi wa bluu wa msitu wa Kimboza, hapo jirani Morogoro, alikamatwa sana kwa ajili ya wafugaji wa nje mpaka mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa ikafungwa chini ya mkataba wa CITES. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haina utani na anayekamata bila kibali. Oda za namna hiyo ziache zipite.

Turudi kwa kuku. Kazi inaanza kabla ya tenga kufungwa, na hapa ndipo wauzaji wengi wanapodanganya au wanapojidanganya. Unakuta tangazo: "Kuku wote wamechanjwa." Lini? Chanjo ya mdondo, wengine mnaita kideri, haifanyi kazi siku ileile. Mwili wa kuku unahitaji wiki moja hadi mbili kujenga kinga. Kumdondoshea kuku jichoni leo na kumpandisha basi leo ni kumpa mteja picha ya chupa, siyo kinga. Chanjo ya tone la jicho inayovumilia joto inatengenezwa hapahapa mkoani kwetu, Kibaha, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Hakuna kisingizio. Andika tarehe kwenye daftari, na tarehe hiyo ndiyo umtumie mteja.

Jambo la pili ni umri. Mteja anayenunua tetea mkubwa ana swali moja moyoni hata kama haliulizi: kama anataga, kwa nini unamuuza? Mjibu kabla hajauliza. Kuku wa mayai wa kisasa akishafika mwaka mmoja na nusu mayai yanaanza kupungua, na wapo wenzetu wanaowanunua hao kwa bei ya supu na kuwauza kwa bei ya matetea. Mteja mfundishe kukagua mwenyewe: kilemba chekundu chenye uhai, njia ya kutagia pana na yenye unyevu, na mifupa miwili ya nyonga iachane kiasi cha vidole viwili au vitatu kupita. Utapoteza wateja wachache wa kuku wazee. Hao wazee wauze kwa jina lao, supu ina soko lake.

Sasa safari imeisha, tenga limefika. Mimi huwa natuma sauti ya WhatsApp, siyo maandishi marefu, maana mteja wetu anasikiliza akiwa anafanya kazi nyingine. Namwambia: mama, au kaka, mpe maji kwanza, kivulini, na kwenye maji weka glukosi au sukari kidogo kwa siku ya kwanza tu. Chakula kifuate baada ya saa moja hivi. Usimshangae akijikunyata. Usiwaite watoto waje kumwona.

Kisha suala la chakula, na hili ndilo linaloharibu biashara kuliko yote. Kuku aliyezoea chakula cha dukani cha kutagia, ukimgeuzia ghafla pumba tupu za mahindi, ataacha kutaga na anaweza kuharisha. Mimi tenga la kuku watano linaondoka na mfuko wa chakula walichokuwa wanakula kwangu. Fanya hesabu: kuku mkubwa wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku, watano gramu 600. Siku mbili za kwanza wale cha zamani kitupu, siku tatu zinazofuata nusu kwa nusu na cha mteja, siku tatu za mwisho cha zamani kibaki robo. Jumla ni kilo mbili na nusu tu. Gharama yake iingize kwenye bei na mwambie mteja wazi kuwa imo. Sijapata mteja aliyeikataa.

Mwambie na vya kuepuka, maana jikoni kwetu kuna hatari nyingi. Maganda ya muhogo mbichi yana sumu. Maharage makavu yasiyopikwa, hapana. Parachichi, hapana, hapo kuku na yule mjusi ni ndugu. Mabaki yenye chumvi nyingi, hapana. Na pumba zilizoota ukungu asizihurumie kwa sababu alizilipia. Sumukuvu hiyohiyo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kuku atapona wapi? Dagaa ni wazuri, ila wakizidi mayai yananuka shombo na mteja wa mteja wako atalalamika. Magamba ya kome au chaza yaliyopondwa wawekewe chombo cha pembeni, tetea atajichukulia mwenyewe kwa ajili ya ganda la yai. Yasichanganywe kwenye chakula cha vifaranga, figo zao hazihimili.

Taa nayo usiisahau. Kuku wa kisasa hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 16, na jua letu linatupa kama 12. Kama kwako unawasha taa alfajiri na usiku, na mteja hana umeme bandani, mayai yatapungua hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Mwambie kabla hajalipa. Akisikia kwako ni taarifa. Akigundua mwenyewe ni utapeli.

Sasa lile gumu: kuwatenga wageni siku 14. Wateja hawalipendi, maana wana banda moja. Lakini mdondo unaweza kukaa ndani ya kuku hadi wiki mbili kabla ya kujionyesha, na mgeni mzima naye anaweza kuambukizwa na wenyeji. Namfahamu mama mmoja upande wa Msata aliyechukua mkopo wa kikoba akanunua matetea 10 kwa muuzaji wa mtandaoni. Aliwachanganya na wa kwake jioni ileile. Muuzaji hakumwambia neno. Ndani ya wiki mbili banda lilikuwa tupu, wa zamani na wapya, na marejesho ya kikoba yanamsubiri kila Jumamosi. Nani alileta ugonjwa? Hakuna anayejua, na muuzaji alishamzuia kwenye simu. Sentensi moja tu ya maelezo, "watenge", ingemwachia angalau nusu ya mali yake.

Na mteja akiona kuku amezubaa, atakimbilia duka la dawa za mifugo kununua antibiotiki. Mzuie. Mdondo unaletwa na virusi, antibiotiki haiuui, na dawa hiyo inaingia kwenye mayai anayouzia majirani. Mwelekeze kwa afisa mifugo wa kata yake. Na wewe muuzaji unahitaji kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa maafisa mifugo, kwa hiyo msikutane nao siku ya kesi tu.

Kuna wanaoniambia, "Ukimweleza mteja yote hayo ataogopa, hatanunua." Wengine huogopa kweli. Mtu anayeogopa kubadilisha maji mara mbili kwa siku, mimi namshukuru kwa kuogopa mapema. Wengine wanasema hawana muda wa kufuatilia. Ujumbe wa siku ya 3, ya 7 na ya 14: "Wanakulaje? Kinyesi kikoje?" Dakika mbili. Tunatumia nyingi zaidi kujibu "bei gani" za watu wasionunua.

Siku ya 14 nikishapata jibu zuri, namwambia awaingize wageni kwa wenzao usiku, wakati wote wamelala, na asubuhi aongeze chombo kimoja cha chakula na kimoja cha maji kona ya pili ili wanyonge wapate pa kulia. Kupigana kutakuwepo siku mbili tatu, damu ikitoka awatenganishe. Na kwa sababu hiyohiyo simuuzii tetea mmoja mtu mwenye kundi lake nyumbani. Naanzia wawili. Mmoja peke yake anadonolewa na banda zima, na simu ya lawama itakuja kwangu.