BIMA NI DAWA, SI KADI

Jirani zetu wa Igunga walianza Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 1996. Kwa kila shilingi ya mwananchi Serikali iliongeza shilingi nyingine, ikaitwa "tele kwa tele". Watu walijiunga. Lakini mkulima aliyefika zahanati na kadi yake akaambiwa dawa akanunue dukani, mwaka uliofuata hakulipa tena. Nani wa kumlaumu? Hapa Bugarama hata mchimbaji harudi kwenye duara lisilo na dhahabu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Tunasema wazi: kivutio humwingiza mtu mara moja, dawa ndiyo humrudisha. Wanachama, jiungeni, kisha kwenye mkutano wa kijiji daini hesabu ya dawa. Fedha ni zetu, na afya ni yetu.