Mtoto akiuliza, "Hii ni kweli au wanaigiza?"

Mtoto akiona kwenye simu yako msichana wa Mara akilia kwa kuogopa kukeketwa, swali lake la kwanza huwa hilo. Mzazi, usimkwepe.

Chukua mfano wa filamu ya In the Name of Your Daughter, iliyotoka mwaka 2018. Aliyeitengeneza ni Giselle Portenier, mwandishi wa habari kutoka Kanada, na imepigwa wilayani Serengeti. Inawafuata wasichana waliotoroka nyumbani msimu wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, wakapokelewa na Rhobi Samwelly kwenye nyumba salama ya Mugumu.

Hiyo ni filamu ya makala. Tofauti na bongo muvi, humo hakuna anayekariri maneno. Binti unayemwona ndiye yaliyemkuta, na nyumba anayokimbilia ipo.

Lakini kweli si lazima iwe yote. Kamera hurekodi kwa siku nyingi, wewe unaonyeshwa saa moja na ushee. Kuna aliyechagua kipi kibaki, kipi kikatwe, nani asikike kwanza. Kwa hiyo mzazi wa Tarime akisema, "Si wote tuko hivyo," hajaipinga filamu. Ameuliza swali zuri. Humo humo limo suala la wasichana kurudi nyumbani, na kama wazazi watashika ahadi ya kutowakeketa.

Sifa nyingine ni ridhaa. Anayerekodiwa anapaswa kujua picha yake itakwenda wapi, na kwa mtoto jambo hili lina uzito zaidi, maana atakua na sura yake itabaki mtandaoni.

Hapo ndipo simu yako inapohusika. Binti wa jirani akikimbilia kwako usiku, usimrekodi ukatuma kwenye kundi la WhatsApp. Unaweza kuwa umewaonyesha wanaomtafuta alipo. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa tangu sheria ya mwaka 1998, na kifungo chake ni kuanzia miaka 5 hadi 15.

Ukitaka kutazama filamu ya aina hii na mwanao:

- Itazame kwanza peke yako, ujue sehemu nzito ziko wapi.
- Mwambie mapema kwamba hawa ni watu halisi.
- Simamisha katikati, muulize: nani amesikika? Nani hajasikika? Wewe ungekimbilia kwa nani?

Jibu la swali hilo la mwisho lisikilize vizuri. Na kama ni binti, mwambie kwa mdomo wako: "Wewe hutakeketwa." Hilo filamu haiwezi kukusemea.