Picha ya Ndege Isiyo na Mahali Wala Tarehe

Watu wakirudi kutoka Serengeti au Maasai Mara, simu zao huwa zimejaa picha za ndege, na hushindana kuonyeshana ipi imetoka vizuri. Naona ushindani huo umeanzia pasipofaa. Picha yenye ukungu inayojulikana ilipigwa wapi na lini ina manufaa kuliko picha ya kupendeza isiyojulikana ilikotoka. Chukua kwenzi wawili wa Serengeti wanaochanganywa mno. Wote wana mgongo wa buluu inayong'aa na tumbo la rangi ya kutu, ila kwenzi maridadi ana jicho jeupe na ukanda mweupe kati ya kifua na tumbo, na kwenzi wa Hildebrandt ana jicho jekundu na hana ukanda huo. Hapo picha hata mbovu inatosha, mradi jicho na kifua vionekane. Lakini si kila ndege hujitambulisha hivyo. Mbayuwayu wa Ulaya huwa kwetu takriban kuanzia Septemba hadi Aprili, na yupo mbayuwayu wa huku huku Afrika anayefanana naye sana. Ukimpiga picha mmoja wao Julai, tarehe itakuonya mapema kuliko rangi ya koo.

Mwaka 1991, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, watafiti waliokuwa wakila kambini waliona chunguni miguu ya ndege wasiyemfahamu. Miguu ile ilikuja kumfichua kwale ambaye sayansi haikuwa imewahi kumwandika, akatangazwa rasmi 1994. Ushahidi wenyewe ulikuwa duni kupita picha yoyote ya simu. Uliwafaa kwa sababu msitu alikotoka ndege yule ulijulikana, wakajua pa kumtafuta. Mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza 2013, unafuata mantiki hiyo hiyo: nchi imegawanywa katika miraba yenye upande wa kilomita 9 hivi, na kila orodha ya ndege huwekwa kwenye mraba wake na siku zake. Picha isiyo na mahali wala tarehe, iwe nzuri namna gani, haina pa kuingia.

Wapo wanaosema kazi ya kutambua ndege sasa ni ya programu za simu. Zinasaidia kweli, lakini Merlin, mojawapo ya zinazotumika sana, nayo huuliza picha ilipigwa wapi na lini kabla ya kupendekeza jina, na pendekezo bado si hukumu. Hoja nzito zaidi ni kwamba kutangaza mahali kunaweza kuwaelekeza watega ndege, au kundi la wapiga picha, hadi kwenye kiota. Hilo nalikubali bila kusita: picha za viota zisirushwe mitandaoni, na ndege adimu atajwe kwa eneo pana. Hata iNaturalist, jukwaa la mtandaoni la kurekodi viumbe, huficha lenyewe mahali halisi pa viumbe wengi walio hatarini. Kuficha mahali kwa umma ni jambo moja. Kutokuandika kabisa ni jingine.

Basi msafiri, washa huduma ya mahali kwenye kamera ya simu yako, hakikisha saa yake iko sawa, na usiifute picha halisi ukishaituma, kwa sababu picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa hizo hupotea.