Aliyezama asininginizwe

Masika watoto wetu hupiga mbizi malamboni na katika Mto Mbwemkuru. Mtoto akiopolewa hapumui, huku Nachingwea na kwa jirani zetu Ruangwa nimeona watu wakimninginiza miguu juu, ati atapike maji! Huko ni kumpotezea dakika chache alizobakiwa nazo, maana ubongo hufa kwa kukosa hewa. Alazwe chali, abanwe pua, apulizwe pumzi mdomoni mara 5. Kisha akandamizwe kifua mara 30, apulizwe 2, hivyo hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Aliyejitosa kichwa chini asipindwe shingo. Je, waganga wa zahanati, mbona hamji shuleni kutufundisha? Ijumaa moja tu yatosha.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nachingwea.